Mkate Usio na Mlango

Mama,

Una miezi mitano kaburini na mpaka leo kuna watu hapa Mpanda wananisimamisha sokoni ili wakusifu. Nawaacha wamalize, nasema asante, naondoka. Barua hii ndiyo majibu ambayo siwapi.

Kwanza habari za nyumbani. Jikoni tumeezua bati la zamani tukaweka jipya. Yule kuku wako mwekundu aliliwa na mbwa wa jirani, jirani akakataa kwamba ni mbwa wake. Kikundi cha akina mama bado wanaoka kila Ijumaa, na mkate bado wanauita kwa jina ulilojulikana nalo, ambalo ni jina langu: mkate wa Mama Edina.

Uliupata kwa Waswidi, kila mtu anajua. Unga wa ngano, hamira, sukari, siagi, maziwa ya uvuguvugu, na iliki iliyotwangwa lakini isilainike. Unafunikwa kwa kitenge mpaka uumuke. Unasukumwa kwa chupa, unapakwa siagi na mdalasini, unakunjwa kama mkeka, unazungushwa ndani ya sufuria, halafu unakatwa kwa mkasi ili vipande vilale kimoja huku kimoja huku. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mama Ingrid, mmisionari aliyekaa hapa nilipokuwa mdogo, aliuita krans. Nyie mliokulia Kirundi mkasema karansi. Ulinifundisha kupima joto la maziwa kwa kidole cha mwisho. Hilo ulilijua kweli, na bado nalitumia, na inaniudhi kila ninapolitumia.

Ila karansi yako haikuwahi kuwa duara. Ilikuwa na nafasi ya vidole vitatu, ncha na ncha hazikutani. Uliita mlango. Ulituambia Waswidi wanauacha makusudi ili mgeni ajue pa kuingilia. Mchungaji akaupenda mlango huo akauhubiri harusini: nyumba ya Mkristo haifungwi. Ikawa desturi, maharusi wanalishana kuanzia mlangoni. Nimeshuhudia bibi harusi akilia kwa sababu mkate wake uliumuka ukajiziba motoni, na mama mkwe akasema hiyo ni dalili ya mji wenye roho mbaya. Na mimi nikaupeleka redioni, kipindi kizima, nikakunukuu bila kumuuliza mtu wa pili. Kazi hii ya utangazaji nina miaka kumi na tisa. Kosa hilo ningemfokea mwanafunzi.

Siku ya pili baada ya kukuzika, bodaboda ilileta kifurushi kutoka Sibwesa. Ndani ya khanga kulikuwa na karansi, imetandazwa karanga zilizokatwakatwa juu, na ilikuwa duara kamili. Niliigeuza nikatafuta ilipoungwa, sikupaona. Mama Tumaini, mwenyekiti wa kikundi chako, akaichukua mikononi mwangu akawaonyesha wenzake.

"Huu hauna mlango," alisema. "Ndiyo mikate ya wezi hiyo. Wakishaingia wanafunga."

Wanawake wakacheka, msibani, huku wengine wakiwa na machozi. Halafu wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alijua ni nani anakaa Sibwesa. Mimi nilikata kipande nikala. Ladha ile niliijua. Sikuwa nimeipata tangu nikiwa na miaka tisa, na katika miaka yote hiyo nilikuwa nakula wako.

Sasa tuongelee mdogo wako Damari.

Ninachokijua ni hiki. Nyie wawili mlifanya kazi kwa Mama Ingrid. Damari alikuwa jikoni, wewe ulikuwa unafua nguo uani. Mama Ingrid aliporudi kwao, wewe alikuachia mashuka, Damari alimwachia daftari la mapishi na kopo la iliki, na akawaambia wazee kwamba Damari ndiye awafundishe akina mama kuoka. Wiki moja baadaye ulikwenda kwa wazee wa kanisa ukasema mdogo wako alikuwa mwizi wa siagi ya misheni, na kwamba una shahidi. Shahidi nilikuwa mimi.

Ulinivalisha gauni la Krismasi. Njiani ukaniambia: "Wakikuuliza umeona nini, sema kopo. Basi. Mengine niachie mimi."

Wakaniuliza. Nikasema nilimwona Mama Mdogo akitoka kwa Mama Ingrid na kopo ndani ya kitenge. Ilikuwa kweli, nilimwona. Mzee Zakaria akauliza kopo gani. Nikakuangalia, na wewe ukajibu badala yangu: la siagi, tena si la kwanza. Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi pale mbele. Alisema kwa sauti ndogo, "Dada, si lile la iliki?" Ukamwambia asikufundishe kusoma kopo.

Nisijifiche nyuma ya umri. Kopo lile nililijua. Lilikuwa la buluu, na lilinukia iliki hata likiwa limefungwa. Nilikuwa na miaka tisa, si miwili. Nilijua, na nikanyamaza kwa sababu ulikuwa umenishika bega.

Walimtenga. Akatolewa kwaya, akazuiwa meza ya Bwana, na daftari wazee wakamnyang'anya wakakupa wewe mwaminifu. Akaenda Sibwesa kulima karanga. Kuanzia siku hiyo kila aliyemtaja nyumbani kwetu ulimwangalia mpaka akabadilisha mazungumzo.

Nilimfuata wiki mbili baada ya mazishi. Nilifika mchana nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Alikuwa mlangoni pake anabangua karanga, na hakuinuka.

"Edina wa redio," alisema. "Kaa hapo kwenye ndoo."

Nikakaa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kopo. Akaendelea kubangua.

"Kila asubuhi nakusikia," alisema. "Unawauliza watu, uliona kwa macho yako au uliambiwa? Nacheka hapa peke yangu mpaka mbuzi wananishangaa."

Aliniambia nikanawe mikono, akaniwekea unga mbele. Tukakanda. Ulipofika wakati wa kuzungusha nikaacha vidole vitatu, kama ulivyonizoesha. Akauliza hapo pamefanyaje. Nikamweleza habari ya mlango, mgeni, mahubiri, maharusi, na yule bibi harusi aliyelia. Mama, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Alisema wewe hukuwahi kujua kuunganisha, basi. Ulikuwa uani na nguo, mkate uliuona ukiwa umeshaiva. Na kwenye daftari hakuna, kwa sababu kila alichofundishwa alikiandika kwa penseli pembeni ya Kiswidi cha Mama Ingrid, isipokuwa hapo. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. "Nani anaandika jinsi ya kufunga kitenge?"

Akanionyesha. Ncha moja unaipanua kama mdomo, ya pili unaiingiza ndani, unabana kwa vidole vilivyochovywa maziwa, halafu ulipounga unapalaza chini. Katikati unasimamisha kopo tupu lililopakwa mafuta ili tundu lisizibe. Ni dakika mbili. Kwa kukosa dakika mbili hizo ulitunga dini nzima.

Kwa nini ulifanya, siwezi kusema kwa uhakika, na sitakuzulia. Najua wewe ndiye mkubwa na ulipewa mashuka. Najua mashuka hayo hukuyatandika hata siku moja. Tumeyakuta sandukuni yakiwa yamekunjwa vilevile. Zaidi ya hapo sina ushahidi, na mwenye ushahidi ulikuwa wewe, ukaondoka nao.

Niliomba msamaha pale pale Sibwesa, mikono ikiwa na unga. Aliupokea kama mtu anayepokea chenji, akauweka pembeni. Alisema pole za kumtosha ameshapewa na majirani. Alichotaka ni kitu kimoja: aliposemwa ndipo asemwe tena, kanisani, mbele ya watu, na msemaji niwe mimi. "Mama yako hawakumwamini," alisema. "Walikuamini wewe. Mtoto hadanganyi, ndivyo walivyosema."

Basi siku ya kuondoa msiba, ile mnayoiita kuganduka, nilipewa nafasi ya kutoa neno la familia. Watu walikuwa wameshika vikombe, sinia za karansi zenye mlango zimepangwa mezani. Walitegemea nisimulie ulivyotulea. Nilisema ulitulea vizuri, hatukulala njaa, na hilo ni kweli. Kisha nikasema la kopo, kwa mpangilio: nilichoona, nilichoambiwa niseme, nilichonyamazia. Sikupandisha sauti.

Mama Tumaini alisimama. "Edina, mama yako hana mdomo wa kujitetea leo."

Nikamwambia kwamba Damari alikuwa na mdomo, na hakuna aliyemuuliza.

Sinia zilirudi jikoni zikiwa nusu. Mzee Zakaria, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliniita pembeni akaniomba niwaandikie wazee hayo niliyosema, ila niandike kistaarabu. Alipendekeza maneno: kulikuwa na kutoelewana kati ya ndugu. Nikamuuliza kama anakumbuka alichoniuliza siku ile. Alisema anakumbuka, aliniuliza kopo gani. Nikamwambia sasa ndiyo namjibu. Niliandika la iliki, la buluu, zawadi, na nikaandika ni nani alisema la siagi. Nikasaini. Wazee walikaa na karatasi hiyo wiki sita. Mara mbili walinitumia mtu kuniuliza kama siwezi kupunguza kidogo. Nilisema siwezi.

Jumapili iliyopita ilisomwa kanisani, yote, baada ya matangazo. Mama Mdogo alikuwa benchi la tatu, mimi pembeni yake. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima. Nilijua vya kuazima kwa jinsi alivyovivua chini ya benchi. Wakamwondolea adhabu. Wakasema karibu kundini. Watu wengine walipiga makofi, wengine waliangalia magoti yao. Halafu Mzee Zakaria akamuuliza kama ana neno.

Alisimama, akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Nilikuwa nayo maneno mengi," alisema. "Mwenye maneno amekufa."

Akakaa. Kwaya ikaanza wimbo bila kuagizwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya.

Hilo ndilo nililokuja kukuambia, Mama. Nilifikiri ulimwibia daftari, na jina, na nafasi yake mezani, na hivyo vyote nimevirudisha kadiri nilivyoweza. Daftari liko Sibwesa. Mama Tumaini alinijia jioni ya Jumapili hiyohiyo kuuliza kama Damari anaweza kumwonyesha hapo pa kuunganisha, ila nisimwambie mtu. Nitamwambia kila mtu. Lakini kuna kitu kimoja sikukiona mpaka aliposimama. Muda wote huo alikuwa anakusubiri wewe. Alipanga maneno yake shambani akipalilia, akayapanga tena, msimu hadi msimu, akijua iko siku utakuja au ataitwa mbele yako. Ukafa kwa presha mchana, umekaa kwenye kiti chako, bila mtu kukuuliza kitu. Watu walisema ni kifo chema. Kwako, ndiyo.

Kuna asubuhi naamka nikiwa nimekukumbuka. Hazizidi mbili kwa wiki, na zikija nazikalia mpaka zinapita. Sikuombei mabaya huko uliko. Wala sikuombei pumziko, bado.

Ninachokuahidi ni hiki. Mavuno ya karanga yakiisha nitamfuata Mama Mdogo Sibwesa na kumleta makaburini. Tumeshaongea, amekubali. Nitamwonyesha kaburi lako ni lipi, kwa sababu hajawahi kufika, na nitamwekea kiti, kwa kuwa magoti yake hayawezi kusimama sana. Kisha nitarudi mpaka barabarani, mbali nisisikie. Maneno yale si yangu, sitamuuliza aliyosema. Akikaa saa moja, nitangoja saa moja. Akikaa kutwa, nitangoja kutwa. Wewe utakuwa hapo.

Kwaheri, Mama.

Edina