Simu Ulizompigia Eliasi

Mpendwa Mama Neema,

Tangu tukuzike, tangazo lako halijaguswa ukutani jikoni. Ulilikata kwenye jarida kuukuu, maktaba ya hapa Louisville, Marekani, ilipokuwa ikiuza machapisho yake ya zamani: dereva wa enzi zile, kofia kichwani, amesimamisha gari na kushika mkonga wa simu, na kampuni ya simu inamhimiza apige kwanza ili huko aendako wamngojee.

Nilicheka. "Kwetu mgeni hapigi simu. Akipiga, ni kama ameagiza kuku."

"Kwani hapa ni kwetu, Baba Neema?"

Basi kila tulipokwenda Buffalo kwa binti yetu, ulishuka kwenye kituo cha mafuta kabla ya Columbus, ukasogea mbali na gari, ukampigia Eliasi. Eliasi, ambaye kule kambi ya wakimbizi Kigoma alikuposa kabla yangu, baba yako akamkataa! Nilikutazama kupitia kioo ukirekebisha kitambaa cha kichwa, kana kwamba simu ina macho. Tukifika kwake Reynoldsburg, jirani na Columbus, chakula ki tayari, naye mlangoni anapaza sauti: "Mzee, unaendesha gari au unalisukuma?" Nawe ulicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata. Nilimchukia hata yule dereva wa tangazo kwa kukufundisha.

Wiki iliyopita nilisafiri peke yangu. Nilikusudia kumpita Eliasi bila kusimama. Lakini nani mwingine amebaki anayekukumbuka ukiwa msichana? Nikasimama kituo kilekile, nikampigia.

Akasema, "Haya, ngoja niyarudishe maharage motoni."

"Ya nini?"

"Mama Neema alizoea kuniambia, 'Yachemshe mpaka yalainike. Meno yanamsumbua mzee, ila hatasema.'"

Kumbe ndiyo sababu ulisogea mbali na gari.

Nilifika kwake, nikala, nikashiba. Ungedhani wivu umekwisha, kumbe umehama tu. Miaka yote hiyo ulimweleza yeye habari zangu, kwa sauti ambayo mimi niliiona tu kupitia kioo. Yeye aliisikia. Nilimwomba aniigizie ulivyokuwa ukisema. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, kisha akainamisha kichwa. Hakuweza. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Pumzika, mke wangu, na huko uliko usimpigie mtu.

Mumeo,
Baba Neema