Maoni Ambayo Sikuyaandika

Alhamisi. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haiji, na nyumba nzima inatoka jasho. Nimeketi, nimesimama, nimefua mapazia yasiyokuwa machafu.

Niseme tu.

Muhula huu nina wanafunzi mia na arobaini, na msaidizi sina. Chuo kilituita kwenye semina ya "ufundishaji endelevu": tuiachie akili mnemba kazi ya kusahihisha, tusije tukachoka tukaacha kazi. Nilipiga makofi. Nilikuwa nimechoka kweli. Insha zote za somo la mazingira nikazitia kwenye kompyuta, maoni yakatoka, nikayatuma kwa jina langu.

Sikusoma hata moja.

Leo baada ya adhuhuri akaja Saumu, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Mji wa Kale. Si mtu wa kuja ofisini.

"Masalkheri, mwalimu. Nimekuja kukushukuru. Ile sehemu ya babangu nimeifuta, kama ulivyoniambia."

Nikatabasamu kama ninayejua. Kisha nikamuuliza, polepole, ni sehemu ipi hasa.

Akanitazama, kisha akanieleza.

Insha yake ilihusu visima vya Mji wa Kale vinavyoingia chumvi. Marehemu babake aliuza maji kwa mkokoteni maisha yake yote, na alijua kila kisima wateja walianza lini kuyakataa maji yake kwa chumvi. Alimsimulia bintiye akiwa kitandani, katika ugonjwa wake wa mwisho, na Saumu akayaandika papo hapo kwenye insha. Maoni "yangu" yalisema: ondoa simulizi binafsi, hazina uzito wa kitaaluma.

Hakuna kitabu chenye habari hizo. Mimi ningezipigia mstari na kuandika pembeni, "Endelea."

Ningeweza kusema nimesahau. Ulimi ulishaanza kuuandaa uongo huo.

"Saumu, insha yako sikuisoma. Mashine ndiyo iliyoisoma."



"Basi babangu nimemfuta kwa amri ya nani?"

Akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga, yeye ambaye humuaga hata mlinzi wa lango.

Nikaenda ufukweni Mama Ngina kupunga upepo. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikaishika mkononi mpaka ikapoa, nikarudi.

Baada ya magharibi ujumbe wake ukaingia: "Kesho saa nne nitakuja, inshallah. Mengi bado ninayo kichwani. Mimi nitasema, wewe mwalimu utaandika. Kwa mkono."

Nitaandika.

Lakini wale wengine je? Nani mwingine amefuta nini kwa sababu jina langu lilikuwa chini ya maoni? Jumatatu nitasimama mbele ya darasa zima niwaambie. Nitawaambia wao kwanza, ndipo niende kwa mkuu wa idara. Nikianza kwake atanishauri ninyamaze, nami najijua: nitamshukuru.