Ngazi Iliyoondolewa Uoga

Kibondo,
masika ya 2014

Kaka yangu Hemedi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa, na mama awe karibu lakini asiwe karibu sana, maana ukiisoma kwa sauti utamtia presha bure. Mgongo wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomletea anaitumia, au ameigawa kwa majirani kama kawaida yake? Wifi naye, homa imemwacha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, ukasema uko bandarini, makelele mengi, utanipigia wewe. Hukupiga. Na haya si mambo ya kusemea dukani wateja wamesimama mbele yangu wakisubiri majembe. Barua anakuletea Mwalimu Chambo, yule mwenzetu wa Muheza anayefundisha sekondari hapa, anakuja likizo. Mpe chai umsikilize. Gari amelipanda, analijua.

Ndiyo, ni habari ya gari ulilonichagulia.

Kaka, nilikueleza kwa Kiswahili chepesi: nataka pikapu ya milango minne, ngumu, ya kupanda milima ya huku na gunia mgongoni. Miaka yote hii nimenunua maharage vijijini kwa gari za kukodi. Nilianza na ndoo ya dagaa sokoni, peke yangu, mume kahamishwa kikazi akahama na moyo wake. Nilipofikia kununua gari langu nilitaka la kubeba mzigo. Wewe ukaniletea la kubeba sifa. "Mwanaidi, hili lina ngazi za umeme, unafungua mlango zinashuka zenyewe, ukifunga zinajificha. Wakubwa ndio wanapanda haya." Wakubwa gani wananunua maharage Nyabibuye?

Siku ya kwanza nimesimama sokoni hapa Kibondo, nikafungua mlango, ile ngazi ikateremka chini ya mlango na kile kisauti chake, ziiii, wanawake wa ndizi wakakimbia. Mmoja akasema, "Mama Tanga, gari lako linatoa ulimi!" Tukacheka. Na mimi nilicheka, siwezi kukudanganya. Kwa ufupi wangu huu ile ngazi ilinifaa, nilikuwa napanda garini kama bibi harusi.

Halafu masika yakaanza. Wewe udongo wa huku huujui. Ni mwekundu, unanata kama ugali wa muhogo, ukikauka unakuwa tofali. Ukaingia kwenye mikono ya ile ngazi. Basi nikifunga mlango ngazi inaanza kurudi, inafika nusu, inasimama, inatoka tena. Naendesha ngazi ikiwa nje, imechomoza shubiri nzima pembeni. Pale Murungu niliikwangua baiskeli ya mzee aliyekuwa anasukuma mikungu ya ndizi. Mikungu ikamwagika barabarani, yeye akabaki ameshika usukani. Ingekuwa goti lake, je? Sikulala vizuri siku hiyo.

Nilipokwenda Kasulu kupeleka mzigo nikampitia fundi mmoja wa umeme wa magari, anaitwa Sadoki. Akaingia uvunguni, akatoka amepaka udongo mpaka masikioni.

"Mama, ngazi yako haijaharibika. Ina uoga."

"Uoga gani?"

"Imetengenezwa hivyo. Ikirudi ikakuta kitu kimeizuia, inadhani ni mguu wa mtu, inaacha. Sasa hapa inakuta udongo, inadhani ni mguu."

"Basi iambie ni udongo."

Akacheka sana. "Haisikii, mama. Lakini naweza kuitoa huo uoga. Naurusha umeme, haupiti tena kwenye kile kisanduku chake cha akili. Itarudi tu, iwe udongo, iwe jiwe."

Nikamwambia toa. Kaka, nani asingesema toa? Barabara nzima kutoka Kasulu hadi Kibondo nilikuwa nafunga mlango, najihesabia moja, mbili, tatu, ngazi inajifungia ndani, kap! Nikasema huyu kijana ana akili kuliko waliolitengeneza.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Nyabibuye, huko kwa kina Filbert na mke wake Devota. Ni wateja wangu wa siku nyingi. Hawajawahi kunichanganyia mchanga kwenye maharage, nami sijawahi kuwawekea kidole kwenye mizani. Devota ana mtoto mchanga, wa kike, Neema, hata shingo haijakaza sawasawa. Tulipima mzigo, tukapakia, mvua ikaanza. Nami nikaingia garini haraka, nikawasha.

Lakini unajua Waha, wenyeji wa huku. Mgeni haondoki mikono mitupu, wala haondoki peke yake. Lazima asindikizwe mpaka mlangoni mwa gari, na mlango haufungwi mpaka zawadi iingie. Devota akaja mbio na beseni la maparachichi, mtoto mgongoni, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. Ngazi ikashuka. Akapanga maparachichi chini ya kiti, moja moja, mimi namwambia "basi mama Neema, utalowa," yeye anasema "moja bado, hili la mama yako." Ndiyo, la mama yetu! Akafunga mlango mwenyewe, kwa heshima, polepole.

Mbeleko ilikuwa imelegea. Alipotaka kuikaza akaona mahali pazuri pa kukalia, pameinuka, hapana tope, paa la gari linamkinga kidogo. Akakaa kwenye ngazi, mgongo kwa gari, akaanza kulifungua fundo.

Mimi sikumwona. Nikiwa kwenye usukani, mtu aliyekaa pale chini simuoni kabisa, dirisha liko juu ya kichwa chake. Nilisikia ziiii.

Halafu nikasikia watu wanacheka. Hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo, kaka. Walikuwa wamejikinga mvua barazani, wakaona Devota ameteleza kakaa kwenye tope, wakacheka. Filbert naye alicheka. "Umelewa nini wewe?" Na Devota hakujibu. Ncha ya mbeleko ilikuwa imeangukia nyuma yake kwenye mkono wa ngazi, na ngazi ilipojificha iliondoka nayo. Ikavuta. Na haikuacha kuvuta. Kitambaa kimemzunguka yeye kifuani na mtoto mgongoni, mtoto amebanwa kati ya mama na bodi ya gari, na ile mota inaunguruma chini inatafuta mwisho wake.

Devota akapata sauti moja tu. "Mawe! Mwana wanje!"

Mama, mwanangu. Hilo hata mimi mtu wa pwani nalielewa.

Kicheko kikakatika. Mtoto alilia kidogo, halafu akanyamaza. Nikazima gari. Haikusaidia kitu, ngazi imeshaingia, imeng'ang'ania. Filbert akaruka na panga kutoka barazani, akapiga magoti kwenye tope, akawa anatafuta pa kukata. Kitambaa kimeingia nyamani, panga liko pale, shingo ya mtoto iko pale.

"Usikate!" nikapiga kelele.

"Nyamaza wewe! Gari lako linaniulia watu!"

Nikishika mlango wa mbele nifungue, nitampiga Devota begani kwa chuma, nimbane mtoto zaidi. Akili ilinijia, sijui ilitoka wapi, kwamba mlango wa nyuma wa upande uleule nao unaiamrisha ngazi hiyohiyo. Nilipanda juu ya viti kama mbuzi, na baibui langu, nikaangukia kiti cha nyuma, nikavuta kile kishikio nikausukuma mlango. Kidogo tu. Upana wa vidole viwili.

Ziiii.

Ngazi ikatoka, ikamsukuma Devota mbele akaangukia mikono yake, kitambaa kikalegea. Mama yake Filbert, bibi wa miaka mingi, alikuwa wa kwanza kufika. Akamchomoa Neema, akampulizia usoni, puani, akamgeuza, akampulizia tena. Mvua tu inapiga mabati. Kaka Hemedi, sijawahi kuomba Mungu bila kutaja hata neno moja. Siku hiyo niliomba hivyo.

Akalia. Kwanza kama paka, halafu kwa nguvu.

Nikadhani yamekwisha. Ndiyo kwanza yalianza. Nilipoinua macho gari lilikuwa limezungukwa. Mmoja anasema gari limemeza mtu. Mwingine anasema aliliona toka mwanzo, gari gani linatoa mguu lenyewe, hilo lina mtu ndani. Kijana fulani ameshika jiwe, halitupi, analipimapima tu mkononi. Nilifunga milango. Nikakaa katikati ya kiti cha nyuma, mbali na madirisha yote mawili. Huku mtu akiitwa mchawi hakuna anayesubiri ushahidi, unalijua hilo, hata kwetu hawasubiri.

Aliyeniokoa ni Devota mwenyewe, kwa kuugua. Bega lake lilikuwa limeshuka, mkono hauinuki. Bibi akasema hawa wote wawili waende hospitali Kibondo, leo, na gari ni hili hili. Lingine hakuna.

Devota akaliangalia. "Hilo sipandi."

"Utapona na nini?" bibi akamuuliza.

"Nitafia hapa. Hilo sipandi."

Mwisho walifungua nyuma, wakapanga magunia yangu ya maharage, wakatandika mkeka, wakamwinua yeye na mtoto bila kugusa mlango wala ngazi, na turubai juu. Filbert akapandia nyuma hukohuko, panga mkononi. Sikumwomba aliache. Njia yote, kupitia Kakonko mpaka hapa, kila nikiangalia kioo namwona ameketi kwenye gunia ananiangalia kisogo. Gari linateleza, mimi nalia na kuendesha, na nikipunguza mwendo anagonga bodi kwa ubapa wa panga, nikiongeza anagonga. Sikujua anataka nini. Baadaye nikaelewa alitaka mkewe asirushwe na asicheleweshwe, vyote viwili.

Alhamdulillahi, mfupa wa bega umepata ufa, wameufunga. Mtoto walimwangalia, wakasema hana tatizo, ananyonya. Wametoka hospitali juzi, wako kwangu. Nawapikia. Tunakula sinia moja na hatuongei sana.

Jana Filbert akaniambia. "Mama Tanga, wewe ulituleta, wewe utaturudisha."

"Naweza kuwakatia basi mpaka Kakonko, baba Neema, mkachukua pikipiki."

"Hapana. Uturudishe wewe, mchana, na gari lako, watu wote waone. Usipokuja wewe watasema umekimbia na kitu chako cha garini."

"Na nikija?"

Akatazama mlangoni. "Nitakuwepo."

Kaka, hilo ndilo jibu nililopewa. Nitakuwepo. Mimi naijua hesabu ya gunia, naijua hesabu ya mafuta, hesabu ya jiwe lile mkononi mwa yule kijana siijui.

Leo asubuhi nikaita fundi wa hapa, nikamwambia fungua ngazi ile ya upande wa abiria, bolti zote, waya zote, sitaki kuiona. Akaifungua. Nimeipima kwenye mizani ya dukani, kilo kumi na tisa! Kilo kumi na tisa za maharage nilizokuwa naziacha kijijini kila safari kwa ajili ya kuonekana mkubwa. Nikamwita Devota aje aone. Nilitaka aone ili akubali kukaa mbele na mimi kesho, asirushwe tena na magunia.

Akaja taratibu, mkono kifuani kwenye kombeo, Neema amemwachia mume. Akachuchumaa. Akaingiza mkono wake mzima pale chini ya mlango, akapapasa kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Hakukuta kitu. Akasimama, akazunguka mbele ya gari polepole mpaka upande wangu, wa dereva. Akasimama mbali kidogo na mlango.

"Na hii?"

Hii niliiacha, kaka, kwa sababu mimi ni mfupi. Niliiacha kwa ajili yangu.

Hakunitukana. Alisubiri tu pale, mpaka nikamwita fundi arudi na spana zake. Ninavyoandika yuko uvunguni, namsikia anagonga, na Devota ameketi kwenye gunia mbele ya gari, hajaondoka, anahesabu bolti zinavyodondoka kwenye sahani.

Kesho baada ya chai tunaondoka. Sitakuficha, naogopa. Ungeniambia nisiende ningekusikiliza, lakini hukupiga simu, na sasa nimeshaahidi. Funguo za duka namwachia mke wa Mwalimu Chambo. Ngazi zote mbili zitakaa stoo, usinitafutie mteja. Na yule shemeji yako wa Korogwe uliyemwahidi gari kama langu, mwambie kabla hajalipenda achuchumae atazame chini yake.

Nisalimie mama, na parachichi lake analo Mwalimu, lilifika zima. Nisalimie wifi, na shangazi wa barabara ya juu, na wale mapacha wa kaka mkubwa, na baba mdogo wa msikitini, mwambie aniombee hasa hiyo kesho. Wakiuliza gari likoje, waambie linakwenda.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja,
Mwanaidi

Fundi ametoka uvunguni. Devota ameniuliza kama nitaweza kupanda bila ngazi. Nimemwambia nitajifunza. Amesema atanishika mkono, ule mzima.