Kiboko wa Luvungi

Jumatano, 29 Aprili 1964

Nimemaliza kuchora kichwa! Miaka ine. Muzungu wa kuchimba mawe na mifupa ya kale alikimbia mwaka wa uhuru, akatuachia lile taya la kiboko wa zamani za kale, minye na shemeji Venant. Venant alikuwa karani wake. Alilitoa mu udongo kule Luvungi kwa burosi ya meno, kipande kwa kipande. Kazi yangu ni kulivika nyama kwa kalamu, mu mchoro. Wiki nzima nilikaa machinjioni, naangalia misuli ya ng'ombe inashikia mufupa wapi. Wachinjaji wananicheka: madame, unanunua ao unaangalia tu? Wacheke.

Macho yake yako juu sana kuliko ya viboko wetu wa Ruzizi. Venant alipita akayaona. "Agathe, huyu iko anapumua." Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 15 Mei

Waasi wameingia Uvira. Shule imefungwa. Dada Pudentienne, bibi ya Venant, amenikimbilia na watoto watatu.

Jumatatu, 18 Mei

Wanatafuta kila muntu aliyefanya kazi na Wabeleji. Wamemkamata Venant. Dada hali chakula. Nilituma bugali na samaki wadogo, ndagala; mulinzi alipokea, sijui kama vilifika.

Jumanne, 19 Mei

Wamemuachilia! Dada na watoto wamerudi kwao mbio. Ila Venant hakupita hapa kunisalimia. Labda amechoka.

Jumatano, 20 Mei

Asubuhi, waasi wawili mlangoni. "Lete kiboko ya Muzungu." Nikawaletea mchoro, na furaha yote, nikaanza kuwafasiria meno. Mujinga minye! Mmoja akanipiga kofi. Kumbe wanataka kiboko — fimbo. Ile ya kuchapa bantu. Wameambiwa ninaificha, na kwamba Muzungu alipochapa, minye ndiye nilihesabu mapigo.

Nani aliwaambia? "Shemeji yako."

Siamini. Halafu naamini. Lazima walimuuliza Muzungu aliacha nini, akajibu: kiboko, iko kwa Agathe. Wakaelewa vyao, naye akawaacha waelewe hivyo. Akaongeza na ile ya kuhesabu. Venant, aliyelitoa lile taya kwa mikono yake!

Wamenileta, sasa niko mu ofisi ya komanda wao. Ninaandika mu daftari ya michoro, mulinzi anafikiri ninachora. Komanda si mupumbavu. Alimuita Venant, akamuwekea mchoro mbele: kiboko yako ni hii nyama, mnyama wa maji, ao ni fimbo? Venant akauangalia. "Hii nyama siijue." Akasema hivyo. Mbele yangu.

Najua sababu. Akisema ni nyama, basi aliwadanganya, atarudi ndani yeye. Akisema ni fimbo, ninaenda minye, na wanaopelekwa kule mutoni hawarudi.

Komanda ametoka kwenda kula. Venant iko amekaa ng'ambo ya meza. Nimemuambia polepole: shemeji, sema tu "nyama". Neno moja.

Ametoa machozi. "Agathe, minye niko na batoto."

Batoto! Nani aliwalisha siku ine, mpaka weye ukatoka ndani? Wa mwisho alijifunza kutembea mu nyumba yangu, akishika meza yangu ya kuchorea. Ninakuchukia, Venant. Siwezi hata kukuangalia.

Komanda amerudi, anapangusa mikono. Anamuuliza tena. Venant anasimama, anasema: "Fimbo."