Kisu Nilichokitunza

Karatu, Jumanne, Juni 1983

Kimekatika. Kisu kile kile cha mashine ya kuchongea, chenye ncha ya duara, nilichokiviringisha kwenye kitambaa karibu mwaka mzima nikingoja kazi ya maana.

Kazi ya maana ikaja: mlango wa hoteli ya kule juu kwenye kreta, mbao ngumu za mti wa loliondo, na maua ya kuchongwa pembeni. Milango ya majirani nilikuwa naichonga kwa kisu butu, kinachounguza mbao kuliko kuzikata. Niliwaambia weusi ule ni fasheni.

Leo nimefunga kisu kipya, nikawasha mashine, kikateleza kama kinachonga sabuni. Nikaanza hata kupiga mluzi. Mara, paa! Ndani ya ubao kulikuwa na kichwa cha mshale. Zamani mtu alimkosa swala, mti ukaumeza mshale, ukanitunzia mimi.

Meneja anautaka mlango Ijumaa. Nitaumalizia kwa kile kisu butu, na kama ataniuliza kuhusu weusi... naogopa hatajua fasheni.

Kinachoniuma zaidi, asubuhi nilimcheka mke wangu Paskalina kwa vikombe vyake vya maua, vilivyofungiwa kabatini tangu harusi yetu vikisubiri wageni. Nilimwambia atazikwa navyo.

Jioni nikamsimulia yaliyonipata. Hakucheka. Alifungua kabati, akaniletea chai kwenye kikombe cha maua.

"Kunywa, Baba Yohane," akasema. "Huyo mgeni tunayemsubiri sijui amekwama wapi."

Nimekunywa nimekaa wima, kama mgeni.