Mstari wa Milangilangi Juu ya Moroni

Dada yangu Moinaecha,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako Moroni, si Mutsamudu. Ulizoea kunicheka kwamba barua zangu zinanuka chaki na kwamba hata salamu naipangia aya. Leo sina nguvu ya kupanga. Miezi saba baada ya kukuzika nimewaacha wanafunzi wangu, nimevuka bahari, nimefika mlangoni pako, nawe hukuwapo kunifungulia.

Jambo lenyewe ni hili. Mzungu mmoja, miongoni mwa mamluki walioiteka nchi na ambao sasa wanailinda ikulu, anataka kumwoa binti yako Echati. Amesilimu. Anasema "bismillahi" kabla ya kunywa chai. Kwa kuwa baba yake Echati hayupo duniani, na mjomba ni mimi, watu wote wananitazama.

Alinifuata kwanza Mutsamudu. Unaujua mji wetu wa kale: mgeni haingii katika vichochoro vile asipotee. Yeye alikuja peke yake baada ya sala ya alasiri, hakumuuliza mtu, akagonga mlango wangu. Alipoketi alitoa mfukoni ua la mlangilangi lililonyauka, akalisugua, akalinusa, kisha akafuta vidole kwenye kola ya shati lake. Dada, ni nani aliyetusimulia habari za mtu wa kufuta vidole kwenye kola?

Ni Bibi, tulipokuwa tukimsaidia kuchambua mchele. Alisema kwamba Mzungu wa kwanza alikuja kutafuta maua na ndege, akamwomba mama yake Bibi mahali padogo pa kupanda milangilangi ya manukato katika shamba lake la hapa Moroni. "Pa mkeka mmoja tu, mama." Akapewa. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, ardhi ni ya mama na binti zake. Mgeni akiondoka, huondoka na matunda yake. Hakuna aliyeona hatari. Akapanda mstari mmoja, kisha mwingine, kisha ikaletwa karatasi iliyosema kwamba aliyepanda ndiye mwenye ardhi. Manowari na bendera vilikuja baadaye, kuilinda bustani ya mtu mmoja. Shuleni tulifundishwa kwamba walikuja kutustaarabisha. Bibi alikuwa akisonya: "Alikuja kwa ajili ya pua yake, yule!"

Shamba lote la chini lilikwenda. La juu lilisalia kwa sababu mama yake Bibi aliukata kwa panga mstari uliopandwa huko kabla ya karatasi kufika. Ndilo hilo ulilomwachia Echati.

Nilimwambia mgeni wangu kwamba nitafikiri. Akatabasamu. "Fikiri, Mjomba. Kungoja tunajua. Tumengoja sana." Alikuwa peke yake chumbani, nami sikuthubutu kumuuliza hao wengine ni akina nani.

Nilipofika hapa, Echati alinipokea kwa maneno yako yaleyale: "Mjomba, usinune kabla ya kuvua viatu!" Kisha akanieleza, kwa furaha, kwamba mchumba ameomba jambo dogo sana: apande mstari mmoja wa milangilangi kule juu, uwe ukumbusho wa uchumba. Amekwisha kupanda.

"Alisema anataka pa mkeka mmoja tu," akacheka.

Wewe hukumsimulia Echati kisa kile. Ulisema mambo hayo yamekwisha. Mimi nami, ninayelipwa kwa kufundisha, sikumfundisha. Basi Mzungu aliyapata wapi maneno yale?

Nilikwea kwenda shambani adhuhuri. Hakukuwa na upepo. Miche ilinifika magotini, haijapata umri wa kuchanua, lakini harufu ya maua ilikuwa nzito hata kichwa kikaniuma. Nilichomeka bakora yangu kando ya mche wa kwanza, ikagota kisiki kilichooza chini ya udongo. Kando ya wa pili, kisiki. Kila mche, dada. Visiki vile vya mstari uliokatwa kwa panga vilifunikwa na nyasi kabla wewe na mimi hatujazaliwa.

Sisemi kwamba ni mzuka. Dini yangu hainiruhusu. Huenda aliirithi ramani kwa jamaa zake. Huenda tamaa, ikishaonja mahali, hurudi hapo kwa miguu mipya. Sijui, nami nimezoea kujua.

Echati alikuwa amenifuata. Nikamsimulia yote pale pale. Akauliza, "Kwa nini hamkuniambia?" Akajifunga kanga kiunoni, akaung'oa mche wa kwanza.

Tulikuwa tukimaliza alipotokea yule Mzungu. Alisimama nje ya mpaka, akayatazama mashimo. Hakukasirika.

"Hata yule wa kwanza mlimkatia," alisema.

Echati akajipangusa udongo mikononi. "Basi njia ya kurudi unaijua," akamjibu. "Haukuwa uchumba huu, ulikuwa upimaji wa shamba."

Aliondoka polepole, lakini bunduki bado anayo, na ikulu bado ni yao. Atakuja na karatasi. Kwa hiyo sirudi Mutsamudu. Nimewaandikia wakuu wa shule wampe mwalimu mwingine darasa langu. Kitanda changu nimekiweka katika chumba cha nje, kinachotazama shambani. Echati analia mchana, akidhani simsikii. Alimpenda, dada, na hilo pia ni deni la ukimya wetu.

Nisamehe. Mola akupe nafasi na nuru huko uliko. Nakuahidi kwamba hakuna mkono wa familia hii utakaogusa karatasi ya mtu yule, wangu wala wa Echati, hata waje na silaha. Na binti atakayezaliwa na Echati atakisikia kisa hiki kutoka kinywani mwangu, nikijaaliwa uhai. Nisipojaaliwa, Echati sasa anakijua chote.

Nduguyo,
Abdu