Korongo Juu ya Barafu

Burbank, 9 Machi 1958

Dada yangu mpendwa Lorna,

Natumaini magoti yako yamepata nafuu na theluji ya Nebraska imeanza kuyeyuka. Hapa milimau imezaa kupita kiasi, na mke wangu Mabel anaoka pai za malimau kila siku. Yeye ndiye anayeandika barua hii. Mimi nasema tu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu majira ya vuli, na mstari hautaki kunyooka.

Nimechora katuni za sinema miaka thelathini. Mchoraji asiyeweza kushika penseli ni wa nini? Jumatatu nilikwenda studio kuaga. Niliwakuta vijana wamekwama: yule ndege wetu wa katuni, korongo, alipaswa kuvuka barafu akijifanya hatelezi, na hakuna mchoro uliokuwa na uhai.

Nilipoanza kuaga, Dolores, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akanikatiza. "Mzee Wendell, hotuba baadaye. Hebu tembea!"

Kwetu mchoraji huigiza kwanza, kisha huchora. Basi nikainua magoti, nikapita katikati ya meza na tai yangu shingoni. Wakacheka hadi machozi.

"Rudia hapo kiuno kinapotaka kukimbia na miguu haitaki!" Dolores alipiga kelele, penseli yake ikienda mbio. Mkono wangu ulitetemeka. Akauchora vilevile, ukawa bawa la korongo mwenye hofu.

Sikuaga. Kesho studioni natakiwa niigize nguruwe aliyependa kwa mara ya kwanza, na Mabel amenikataza kufanya mazoezi mezani.

Nduguyo akupendaye,
Wendell